Je, harage huvimba kwa sababu liko hai?

Swali la msomaji:

"Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Juzi darasa langu lilitumbukiza vitu vitano kwenye maji na kuviacha usiku kucha: taulo la pamba, kitambaa cha poliesta, kipande cha tofali, kipande cha ubao na maharage makavu 20. Taulo lililowa papo hapo. Poliesta nayo ililowa, lakini tulipoianika ilikauka upesi kuliko vyote. Tofali lilitoa mapovu, likatulia, wala halikukua. Ubao ulipanuka kidogo kwa upana tu. Maharage yalivimba mpaka yakawa kama si yale, ila mawili yalibaki magumu kama changarawe. Mwanafunzi mmoja akasema maharage yamevimba kwa kuwa yako hai na yana kiu, na tofali halikuvimba kwa kuwa halina uhai. Nilitaka kumkubalia, kisha nikasita. Je, yuko sahihi? Na mmea mzima hunywa maji kama taulo, au una njia yake?"

Jibu:

Mwalimu, ulifanya vyema kusita, na mwanafunzi wako alifanya vyema kusema wazi alichokuwa anakiwaza. Si uhai unaolivimbisha harage. Ukitaka kuhakikisha, chukua maharage mengine 20 makavu, yaue kwa kuyaweka kwenye oveni yenye joto la nyuzi 100 kwa saa kadhaa, yaache yapoe, kisha yaloweke. Yatavimba. Yamekufa, hayana kiu yoyote, na bado yatajaa maji.

Hata hivyo mtoto hakukosea kila kitu. Mmea, chura na utumbo wa binadamu vina ufundi wao na maji ambao tofali halina. Shida ni kwamba tumezoea kusema "kinanyonya maji" tukimaanisha mambo kadhaa yasiyofanana, na neno hilo moja limetuficha tofauti zake. Vitu vyako vitano vinatosha kuyatenganisha.

Naanza na taulo, kwa sababu ndilo ninalolijua kwa mikono yangu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kiwanda cha nguo. Kipimo chetu cha kila asubuhi ni tone moja la maji: unatandaza kitambaa, unadondosha tone, unahesabu sekunde mpaka mng'ao wake upotee. Pamba iliyosafishwa vizuri hulimeza tone hilo kabla hujamaliza kutamka "moja". Pamba mbichi iliyotoka kufumwa, tone hukaa juu yake kama shanga, na ukiinamisha kitambaa linabingirika. Uzi ni uleule. Kilichobadilika ni nta nyembamba ambayo mmea wenyewe huzivalisha nyuzi zake, na ambayo kiwandani tunaiondoa kwa kuchemsha kitambaa ndani ya kostiki soda. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipitisha jora ambalo halikuchemka sawasawa. Lilitoka kwenye rangi likiwa na mabaka meupe kila mahali nta iliposalia, maana rangi husafiri na maji, na maji yalikuwa yamekataa kuingia. Tangu siku ile sipitishi jora bila kudondosha tone katikati na kwenye pindo zote mbili.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni maji kukubaliana na uso yanaougusa. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi kidogo na upande wenye chaji chanya kidogo, ndiyo maana hushikana na kila kitu chenye chaji za namna hiyo. Selulosi, ambayo ndiyo mwili wa pamba, imejaa vishikio vya oksijeni na haidrojeni vinavyoifaa kabisa. Nta haina vishikio hivyo. Hapo hapo unapata sababu ya taulo kupoteza uwezo wa kukausha mwili likifuliwa mara nyingi kwa dawa ya kulainisha nguo: dawa hiyo huacha utando wa mafuta juu ya nyuzi, yaani inalirudisha taulo karibu na hali yake ya ubichi.

Sharti la pili ni wembamba wa njia. Maji yakishika kuta za tundu, hupanda, na yale ya mbele huyavuta ya nyuma kwa kuwa maji hushikana pia yenyewe kwa yenyewe. Tundu likizidi kuwa jembamba, maji yanazidi kupanda. Kwenye mrija safi wa kioo wenye kipenyo cha milimita 1 maji hupanda kama sentimita 3. Ukiwa na kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya milimita, hupanda kama sentimita 30. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye mti. Ila njia nyembamba pia hukwamisha mwendo. Ninginiza ukanda wa karatasi ya kuchujia ili ncha yake iguse maji, uweke alama kila sentimita. Kama maji yalifika sentimita 2 kwa sekunde 10, usitegemee kuyakuta kwenye sentimita 4 kwa sekunde 20. Yatachukua kama 40. Umbali ukiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne, kwa sababu kila hatua mpya inaongeza urefu wa njia nyembamba ambayo maji ya nyuma lazima yapite. Watoto wakichora grafu ya jaribio hili wataona mstari ukilala wenyewe, na hakuna maelezo yangu yatakayowafundisha zaidi ya hapo.

Tofali linafanya kazi ya taulo, tena bila kuficha kitu. Udongo uliochomwa umejaa vitundu vilivyoungana, na kabla hujalizamisha vilikuwa vimejaa hewa. Mapovu mliyoyaona ni hewa hiyo ikimpisha mgeni. Halikuvimba kwa kuwa maji yalikaa ndani ya vyumba vilivyokuwepo tayari, na kuta za vyumba hivyo zimeungana kwa moto, haziachiani. Safari nyingine lisimamisheni kwenye sahani yenye maji kidogo badala ya kulizamisha. Mtaona mpaka wa giza ukipanda, na ndivyo unyevu wa ardhini unavyopanda kwenye kuta za nyumba pale ambapo mjenzi hakuweka tabaka la kuuzuia juu ya msingi.

Poliesta imewachanganya, na ni haki. Uzi wake wenyewe karibu haupokei maji. Katika hewa ya kawaida ya chumba yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba ndani ya nyuzi zake maji yanayokaribia asilimia 8 ya uzito wake, sufi ya kondoo kama asilimia 16, na poliesta asilimia 0.4 tu. Lakini kitambaa si uzi. Katikati ya uzi na uzi kuna nafasi, na maji hukaa humo bila kuingia mwilini mwa uzi, kwa hiyo kitambaa kinalowa na hakuna kinachoyazuia maji kuondoka. Jezi za michezo zimetengenezwa kwa kulitumia jambo hilo.

Kwenye ubao ndipo mambo yanapogeuka. Ubao una vyumba kama tofali, yaani mirija ambayo mti uliitumia kupitishia maji ulipokuwa hai. Lakini kuta za mirija hiyo ni selulosi na wenzake, na maji yanaweza kupenya katikati ya nyuzi ndogo kabisa zilizomo ndani ya ukuta wenyewe, yakazisukuma zikaachana. Hapa maji hayakai kwenye nafasi iliyokuwepo, yanajitengenezea nafasi. Kwa kuwa nyuzi hizo zimelala kufuata urefu wa shina, kuachana kwao huongeza upana na si urefu. Ubao uliokauka kabisa ukishiba maji, upana wake unaweza kuongezeka kwa asilimia 5 hadi 10 kutegemea aina ya mti na jinsi ulivyopasuliwa, huku urefu ukiongezeka kwa sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Kwa hiyo wanafunzi wako waliopima kwa rula walipima sawasawa.

Kuna jambo kwenye ubao ambalo napenda kila fundi seremala alijue. Kuvimba kunakoma maji yakifikia takribani asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu. Hapo kuta zimeshiba. Maji yanayoongezeka baada ya hapo yanakwenda kujaza ile mirija, kama kwenye tofali, na ubao unazidi kuwa mzito bila kupanuka hata kidogo. Kipande kimoja cha mti, njia mbili za kupokea maji, moja baada ya nyingine.

Harage linafuata njia ile ya kuta za ubao, kwa nguvu zaidi. Mbegu kavu ina maji yapatayo asilimia 10 tu ya uzito wake, na ndani imejaa protini na wanga uliobanana. Protini hasa ina vishikio vingi vya maji. Likiwekwa kwenye maji, kila molekuli ya protini inazungukwa na maji na kusukumwa mbali na jirani yake, mpaka harage linafikia karibu mara mbili ya uzito wake wa mwanzo. Msukumo wake si wa mchezo. Stephen Hales wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1727, alieleza jinsi njegere zilizoloweshwa ndani ya chungu cha chuma zilivyoinua mfuniko uliokuwa umewekewa mizigo. Usiwaruhusu watoto kujaza maharage makavu na maji kwenye chupa ya kioo na kuifunga kizibo. Inaweza kupasuka.

Ukiwa na lenzi ya mkono, kaa na harage moja kwa nusu saa ya kwanza. Halivimbi kwa pamoja. Ganda ndilo linaloanza, linapanuka kabla ya nyama ya ndani, na kwa kuwa limekuwa kubwa kuliko kilichomo, linajikunja makunyanzi kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Makunyanzi yanaanzia sehemu moja na kutambaa. Baadaye nyama ya ndani inajaa, inalifikia ganda, na makunyanzi yananyooka. Kuyaona haya kunahitaji subira tu, na mimi bado huyatazama kila ninapopata nafasi.

Yale mawili yaliyobaki kama changarawe hayajafa, kwa kadiri unavyonieleza. Mbegu nyingi za jamii ya mikunde huwa na ganda lenye seli zilizosimama zikibanana kama fito za ua, zikiwa na vitu visivyopenyeza maji. Ganda la namna hiyo ndilo linaloiwezesha mbegu kukaa ardhini miaka bila kuota mvua ya kwanza inaponyesha. Ukitaka uhakika, likwaruze kwa tupa mpaka uone weupe kidogo, upande ulio mbali na kitovu (kitovu ni pale lilipokuwa limeshikana na ganda la mkunde). Liloweke tena asubuhi, na kufikia jioni litakuwa limeanza kufura. Kumbe kilichokuwa kinakosekana ni mlango.

Kabla ya kufika kwenye viumbe, ongeza kitu cha sita kwenye jaribio: unga uliomo ndani ya nepi ya kutupwa. Kata nepi mpya, ikung'ute kwenye bakuli, mimina maji. Punje chache zinageuka kuwa rojo zito mbele ya macho yako. Unga huo, sodiamu poliakrileti, huweza kushika maji safi mamia ya mara ya uzito wake, na ukiukamua haukuachii kama sponji. Ni nyuzi ndefu za molekuli zilizofungamana kama wavu, zenye chaji hasi, na ndani yake zimebeba chembe za sodiamu ambazo haziwezi kutoroka. Nje maji ni matupu, ndani yamejaa chembe, na maji huingia kuelekea kulikokolea. Sasa nyunyiza kijiko cha chumvi ya kawaida juu ya rojo na ukoroge. Litalegea na maji yatatoka, maana umekoleza nje. Ndiyo sababu unga huohuo ukipewa maji yenye chumvi kiasi cha ile iliyomo kwenye damu, hushika makumi tu ya mara ya uzito wake. Hii ndiyo osmosisi, na umeionyesha bila kiumbe hai hata kimoja.

Sasa tuje kwenye mti. Wengi hufundishwa kwamba maji hupanda kwenye shina kama yanavyopanda kwenye utambi. Rudi kwenye hesabu ya mrija wa kioo. Mirija ya shina mara nyingi ina kipenyo cha sehemu za mia za milimita. Mrija wenye kipenyo cha sehemu 5 za mia ungeyapandisha maji kama sentimita 60. Mche wa futi mbili ungetosheka, lakini kule California kuna mti wa jamii ya redwood wenye urefu unaozidi mita 115. Kunyonya kutoka juu nako hakutoshi, kwa sababu msukumo wa hewa ya kawaida hauwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi.

Maelezo yaliyokubalika yalitolewa na Henry Dixon na John Joly mwaka 1894. Maji yanapokauka kutoka kwenye majani, yanarudi nyuma ndani ya vinafasi vya kuta za seli za jani, na vinafasi hivyo ni vyembamba mara maelfu kuliko mirija ya shina. Uso wa maji ndani yake hukataa kurudi zaidi, na badala yake unaivuta kamba nzima ya maji iliyoungana mpaka mizizini. Kwa hiyo mwanafunzi wako anaweza kuambiwa hivi: mti una taulo kweli, lakini limeanikwa juu kwenye majani, na shina ni bomba tu. Bomba lenyewe ni seli zilizokufa. Katika miaka ya 1890 Eduard Strasburger alikata miti na kuisimamisha kwenye vimiminika vyenye sumu inayoua seli. Sumu ilipanda shinani ikiua njiani, na bado kimiminika kiliendelea kupanda hadi majani yalipoharibika. Jua na hewa kavu ndivyo vinavyofanya kazi ya kuinua, na sehemu kubwa mno ya maji yanayoingia kwenye mizizi hutoka kwenda hewani kupitia majani.

Uhai unafanya nini basi? Unalinda mlango. Mzizi una safu ya seli zilizozungushiwa mkanda usiopenyeza maji, kiasi kwamba maji hayawezi kupita pembeni mwa seli, lazima yapite ndani ya utando wa seli hai. Hapo kuna uchaguzi. Utando una vijitundu vya protini viitwavyo akwaporini, ambavyo hupitisha molekuli za maji zikiwa zimepanga mstari mmoja mmoja na kuzuia chumvi. Kwa kuvigundua, Peter Agre alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Mmea unaweza kuvifungua na kuvifunga. Na kwa kutumia nishati yake, unasukuma chumvi upande unaoutaka, kisha maji yanafuata yenyewe. Hakuna pampu ya maji iliyowahi kupatikana kwenye seli. Kinachopampwa ni chumvi.

Mwilini mwetu ni vivyo hivyo, na nimesema haya mara nyingi kwa watu wanaodhani tumbo hunyonya kama sponji. Kila siku utumbo wa mtu mzima hupokea kama lita 9 za maji, kidogo yakiwa ya kunywa na mengi yakiwa ya mate na juisi za mwili wenyewe, na karibu yote hurudishwa ndani. Utumbo hufanya hivyo kwa kuingiza sodiamu na sukari kwa pamoja, kwenye mlango mmoja wa protini, na maji yakafuata. Robert Crane alipendekeza wazo hilo la mlango wa pamoja mwaka 1960. Ndilo linaloeleza kwa nini mgonjwa wa kuhara anayepewa maji matupu anaweza kuendelea kukauka, ilhali mchanganyiko wa ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalumu, unaokoa maisha. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita moja, pamoja na chumvi nyingine mbili. Sukari ile haipo kwa ajili ya ladha wala nguvu. Ni ufunguo wa mlango.

Chura naye ana jambo la kuwafurahisha watoto: vyura wengi hawanywi kwa mdomo. Hukaa wakibandika ngozi nyororo ya tumbo na mapaja kwenye udongo wenye unyevu, na maji huingia humo. Na wakikuuliza kuhusu vidole vyao kukunjamana bafuni, usiwaambie vimelowa kama harage. Kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hakikunjamani hata kikikaa majini muda mrefu. Mishipa ya fahamu huibana mishipa ya damu, nyama ya chini hupungua, na ngozi ya juu hujikunja.

Kwa somo lijalo weka vikombe vitatu: maharage hai kwenye pamba yenye maji, maharage yaliyouawa kwenye pamba yenye maji, na maharage hai kwenye pamba yenye maji ya chumvi nyingi. Mpe yule mwanafunzi mizani na daftari. Apime kila baada ya saa mbili siku ya kwanza, halafu mara moja kwa siku. Siku ya kwanza vikombe viwili vya mwanzo vitakwenda karibu sambamba, cha tatu kikibaki nyuma. Kisha vyote vitatulia, na hapo atakata tamaa akidhani jaribio limekwisha. Mwambie asiache. Siku ya tatu au ya nne mizani ya kikombe cha kwanza itaanza kupanda tena, maana seli za mzizi mchanga zimeanza kukusanya chumvi na sukari zao na kuyaita maji, na ganda litapasuka pembeni mwa kitovu. Cha pili kitakuwa kimejaa, laini, na kimeanza kunuka.